Kuni Haziingii Mahakamani

Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya, Tabora,
mwaka ule malipo ya tumbaku yalipochelewa hadi Krismasi
na ghala la chama cha msingi likavunjwa usiku,
mlinzi akakatwa bega.
Mlinzi, Mzee Kalimanzila, alitoa ukweli wake wote:
Niliona mgongo.
Nikauandika hivyo hivyo. Mgongo.
Hakuulizwa wa nani, maana mgongo ulikwisha kukamatwa
porini, upande wa Sikonge,
una panga, na panga lina wekundu.

Lugembe Misigalo, mrina asali, hana wakili.
Alipoulizwa wekundu ule ni nini
alijibu kama mtu aliyeulizwa maji ni nini:
Mninga, mheshimiwa. Nilikuwa nachonga mzinga.

Hakimu alikuwa mgeni wa miti yetu.
Akanigeukia: Andika,
mshtakiwa anadai mti umetoka damu.
Nikaandika.
Mwendesha mashtaka alicheka kidogo,
kile kicheko cha ofisini kisichofungua meno.

Ngoja niseme ambalo halimo kwenye jalada.
Chumba kile kilijaa watu wa hapa hapa.
Nkwabi, askari wa mlangoni,
baba yake alipasua mbao Urambo mpaka akapofuka kwa vumbi.
Mimi nimekulia Ipuli, nimeshika shoka kabla ya kalamu.
Sote tulijua mninga ukijeruhiwa unavuja,
mzito, unaganda kwenye chuma,
unakauka mweusi pembeni
kama ule.
Hakuna aliyekohoa.

Mkewe, Kabula, alikuja mara nne:
kwa miguu hadi barabarani,
kisha juu ya lori la mbao.
Mara ya nne alifunga kitu kwenye khanga.
Tawi. Bichi, la alfajiri ile.
Alitaka tu alikate mbele ya meza, basi,
hakuwa na maneno mengine.
Nkwabi akamwekea mkono:
Mama, kuni haziingii mahakamani.
Akaliacha barazani.
Mchana nilipotoka kwenda kula
nilikuta limevujia saruji
na mfagizi anagomba, nani kachinja kuku hapa?
Nililiruka. Nilikuwa na njaa.

Sampuli ilipelekwa kwa mkemia, Dar es Salaam.
Barua ikarudi: bahasha imefika tupu.
Hukumu haikuona haja ya kusubiri.
Miaka thelathini.
Niliipiga chapa nakala nne, kaboni tatu.
Mashine yangu ilikuwa na kilema kwenye herufi d,
inatoboa karatasi.
Ukiinua ukurasa ule dirishani, hadi leo,
kila penye damu pana tundu.

Rufaa ilichukua miaka kumi na mmoja.
Walimwachia kwa kuwa hati ya mashtaka
ilikosewa kifungu.
Kurasa tisa. Mti hautajwi.
Kabula alikwisha kuolewa Nzega,
na mimi sina haki ya kusema lolote.
Kalimanzila alikufa na bega lililopinda,
hajui ni nani.
Aliyemkata? Huenda ndiye ananipimia sukari.

Lugembe nilimwona mara moja, sokoni,
anauza asali kwenye chupa za konyagi.
Nikaomba mbili. Akafunga kwa gazeti, akanirudishia chenji,
akasema karibu tena.
Hakunikumbuka. Au alinikumbuka.
Chupa ziko kabatini, hazijafunguliwa,
asali imeganda kama mchanga.

Mahakama ilipopata samani mpya, zile za kubandika,
za zamani zilipigwa mnada.
Nikanunua meza ya hakimu.
Ilihitaji vijana sita kuiingiza nyumbani, Cheyo.
Ndiyo ninayoandikia hapa.
Mninga mtupu, kipande kimoja, hauna kiungo.
Usiku mwingine napitisha kidole kwenye mishipa yake
nikingoja.
Hakuna kitu. Fundi aliniambia:
mbao ikishakauka vizuri haivuji tena,
ndiyo maana inafaa kwa meza.