Mkaa Una Njaa

Kihamba cha baba tulikigawa kwa kamba ya katani.
Eliakunda akapata upande wa mfereji,
mimi nikaachiwa mteremko:
udongo uliochoka, mwepesi kama unga wa jana,
ukiukamata unakutoka vidoleni.
Unachimba gimbi kwa nguvu zako zote
unatoka na kitu kama goti la mtoto.

Nikashuka Mabogini kwenye mashine za mpunga,
ambako pumba ni vilima visivyo na mwenyewe.
Magunia kumi na moja, guta likapanda nayo Uru
likikohoa kila kona.

Nikatoboa debe kwa msumari, nikalivika bomba,
nikawasha vijiti ndani, pumba nikazilundika nje
zikalizunguka debe kama watu waotao moto.
Haziwaki. Zinaiva.
Weusi unapanda taratibu kutoka chini,
nawe unakesha na ndoo ya maji,
maana ukisinzia kidogo tu
weusi unageuka weupe,
na jivu halirudi nyuma.

Bwana shamba anauita bayocha.
Mimi niliufukia vivyo hivyo, kwa pupa.
Eliakunda akaegemea ua wa masale:
"Dada, wenzio mkaa wanapikia.
Wewe unaufanyia mazishi?"
Nikacheka.

Mvua za kwanza, magimbi yakatoka manjano.
Jani ambalo mtu angejikinga nalo mvua
halikufunika hata sahani.
Sikucheka tena.

Ni Mama Aikaruwa, mwenye ng'ombe wawili bandani,
aliyefukua konzi moja, akainusa,
akaweka punje ulimini.
Ikang'ang'ania.
"Mkaa huu una njaa," akasema.
"Umeufukia haujala,
sasa unagombea sahani moja na magimbi.
Mgeni hulishwa kwanza, mwanangu,
ndipo akapewa jembe."

Basi nikaulisha.
Mkojo wa ng'ombe wake, ndoo baada ya ndoo,
samadi, maganda ya ndizi, machicha ya mbege
kutoka ubarikio wa watoto wa jirani,
maganda ya kahawa, majani ya mgomba yaliyooza.
Nikafunika kwa turubai lenye matundu.
Wiki sita wanangu walipita pale wameziba pua.
Alfajiri lundo lilifuka mvuke,
nami nilipenyeza mkono ndani
nikaukuta ujotojoto, kama tumbo la mbuzi.

Sisemi dunia iligeuka.
Mstari wa chini ya mgrivea bado umenuna
na sijui unataka nini.
Lakini ile mingine!
Nilipong'oa shina la kwanza
ardhi ilinivuta kidogo, kama mtu asiyetaka kuachia,
kisha ikaachia,
na gimbi likatoka zito, na nywele zake,
na udongo mweusi umelikumbatia usitake kudondoka.
Nilikaa chini palepale. Nililipakata.

Jumapili, kanisani, mchungaji aliponipa mkono
aliziona kucha zangu.
Sikuzificha.

Jioni yake Eliakunda akavuka ua.
Kaka yangu hajui kuomba radhi,
wala hakuja na jani la sale mkononi.
Alisimama karibu na debe, akaligonga kwa kidole,
akauliza bei ya guta kutoka Mabogini
kana kwamba anauliza habari za mvua.

Kwapani alikuwa amekunja
magunia matupu.
Niliyahesabu: kumi na mawili.