Nakala

Mimi ni fundi wa funguo, kibanda changu Mwembe Tayari,
baina ya muuza chaja na mama wa viazi karai.
Nina tupa, jiriwa, mashine ya kuzungusha kwa mkono,
na ukuta wa funguo ambazo hazijajua mlango wake.

Juzi baada ya magharibi nilisimama penye viatu,
kimoja mguuni, kimoja mkononi,
nikajiuliza: nimesali tatu, au mbili?
Sikujua.
Lakini lau ungeniuliza kazi ya siku ile
ningekuhesabia moja moja:
funguo ishirini na saba, tisa za kufuli za Kichina,
mbili za pikipiki, moja ya kabati la daktari wa meno,
na ule wa Bwana Shekuwe, ambao hajaulipia.
Hata aya niliyosomewa
iliingia kichwani ikakuta pamejaa shaba,
ikarudi zake.
Nikavua kiatu, nikaisali upya.
Rakaa ya pili nilikuwa nimeshafika kwa Shekuwe,
nabisha hodi.

Sasa nikwambie ya Bi Rukiya Mselem wa Kuze.
Hana mtoto, ana nyumba: ghorofa moja,
kisima kilichofunikwa, ngazi iliyolika katikati.
Aliitoa wakfu, iwe chuo cha watoto.
Waraka ukaandikwa, mashahidi wakatia saini,
mtaa mzima ukasema mashallah.
Siku moja kabla ya kukabidhi
alikuja kwangu, akafungua fundo la leso:
"Nitolee mwenzake huu. Ni wa chumba cha juu tu.
Si cha kukaa. Ni cha kupita, nikikumbuka."
Sikumuuliza. Fundi wa funguo akiuliza, hana mteja.
Nikauchonga. Shilingi mia na hamsini.
Akafunga fundo lake,
akaenda kumpa Mungu nyumba.

Usiku ule sikulala.
Si kwa ajili yake.
Niliziona sala zangu zimetundikwa ukutani,
kila moja na nakala yake mfukoni mwangu.
Mola nimempa mlango wa mbele,
Ijumaa, Ramadhani nzima, kanzu iliyopigwa pasi;
uani nimejibakishia chumba
ninakopita nikikumbuka
deni, sifa, jirani aliyenunua mashine ya umeme.
Na Yeye si mpangaji
umwambie, kile usikifungue, kina vitu vyangu.
Njia mbili zilimshinda fisi, wasema.
Fisi ana udhuru: harufu ilimjia kotekote.
Mimi niliambiwa nyama iko wapi.

Jumamosi ya pili yake Bi Rukiya alirudi,
akasema kwa sauti ya juu, kama anayeshindana na watu:
"Nilipanda ngazi. Nikafungua.
Watoto wako mkekani, wakanyamaza wote.
Kadogo kamoja kakaniamkia:
Shikamoo bibi, wamtaka nani?
Sikuwa na jibu."
Akaiweka ile nakala mezani.
"Unyoe meno."

Nikautia katika jiriwa, nikashika tupa.
Vumbi la shaba likanidondokea vidoleni,
jino la kwanza, la pili, la tatu,
mpaka ukabaki ubapa mtupu, laini kama ulimi,
kitu kisichofungua chochote.
Aliupapasa, akacheka kidogo, akaniachia.

Ufunguo ule uko msumarini.
Wateja huniuliza ni wa wapi.
Adhana ikianza nafunga kibanda,
natia mkono mfukoni, naukuta ule wangu;
meno yake yangali makali,
yananichoma kidole.
Tupa iko pale. Jiriwa iko pale.

Leo nimesali alasiri. Nne. Nina hakika na nne.
Na katika ya tatu, kwa muda wa pumzi moja,
sikujua bei ya kitu chochote.