Hatua Tisa

Jina lake Gryka. Huku Łódź ni jina la nafaka,
punje za pembe tatu, uji mzito wa siku za shida.
Kituo cha mbwa waliotupwa kilinikabidhi, pamoja naye, karatasi:
jike, miaka minne hivi, anaogopa.
Hawakuandika anaogopa nini.
Nafasi ya kuandikia ilikuwa ndogo.

Nimejaza mwenyewe, nyuma ya risiti ya duka la dawa:
miavuli. Kofia. Chupa zinapomiminwa kwenye pipa la vioo.
Mfuko wa plastiki unaotembea bila mtu.
Kengele ya tramu. Hiyo nimeipigia mstari.

Wiki ya kwanza hatukutembea, tuliburutana.
Yeye mbele, kifua kinagusa theluji,
anakoroma kwa ukosi uliomkaba;
mimi nyuma, mwanamke wa miaka sitini na minane,
viatu vinateleza, mdomo unawaomba radhi wapita njia.
Jirani yangu Wieńczysław, dirishani, akatoa ushauri wa bure:
"Mkate mkuto mmoja tu wa kamba, ajue bosi ni nani!"
Bosi.
Mnyama anakikimbia kifo chake
nami nimkumbushe cheo changu.

Nikanunua mkanda wa kifuani. Nikakata soseji
vipande vidogo kama kucha ya mtoto,
koti likanuka moshi na kitunguu saumu
hadi kanisani watu wakageuka.
Kanuni ni moja, nyepesi hadi inaudhi:
akivuta, nasimama.
Akilegeza, tunakwenda.
Siku ya kwanza ilituchukua dakika arobaini
kutoka mlangoni hadi sanduku la barua.

Ila pale kwenye kona ya kiwanda cha nyuzi kilichofungwa,
reli inapopinda,
alijikunja kabla ya tramu kuonekana,
kabla ya kengele, kabla ya chochote.
Mbwa husikia mbali, nikajiambia.
Hadi asubuhi moja ya ukungu nilipotazama chini
nikaona ni mkono wangu:
vidole vimeizungusha kamba mara mbili,
vifundo vyeupe,
na mguu wa kulia, ndani ya kiatu,
unakanyaga breki isiyokuwepo.

Miaka thelathini na mmoja niliendesha namba nane.
Kwenye kona hii niliwahi kukanyaga kwa nguvu zangu zote
na chuma, kama kilivyo chuma, hakikusimama palepale.
Baiskeli ilikuwa nyekundu.
Kijana alipona; anachechemea;
mama yake akiniona sokoni huchagua karoti kwa makini sana,
na ana haki.
Hilo sikuwahi kumwambia Gryka.
Kumbe nilikuwa namwambia kila siku,
kupitia mita mbili za kamba.

Sasa tunafunzwa wawili.
Tukiikaribia kona natoa pumzi,
nafungua vidole kimoja kimoja
kama anayelipa deni kwa sarafu,
naingiza mkono mfukoni: kipande chake,
na kipande, Mungu anisamehe, changu.
Kengele inalia. Masikio yake yanalala.
Ananitazama. Namtazama.
Tramu inapita na watu wake wenye usingizi,
na dereva, msichana nisiyemjua, anainua mkono.

Jioni ya leo mfuko wa plastiki umemtia wazimu,
amenizungushia nguzo, nimegonga goti,
Wieńczysław amepata kicheko cha kumtosha hadi Jumapili.
Sawa.
Lakini asubuhi, palepale penye reli,
kwa hatua tisa, nilizihesabu,
kamba ilining'inia kati yetu
kama ile ya kuanikia iliyobeba soksi moja,
na hapakuwa na aliyemvuta mwenziwe.