Ratiba ya Kayenze

Nilikuja na ratiba iliyochapwa, ina muhuri,
kila shughuli na saa yake:
saa nane mchana, kupanda mawe,
saa kumi, mitumbwi,
saa moja usiku, moto na hadithi.
Niliiandika Morogoro, kwenye udongo wenye adabu,
ambako kigingi ukikigonga kinazama
kama kijiko kwenye uji.

Kayenze hakuna uji.
Kuna jiwe, na juu yake jiwe, na jiwe dogo limepakatwa,
yamebebana hivyo tangu sijui lini
na hakuna linaloomba kushushwa.
Kigingi cha kwanza kilipinda.
Cha pili kiliruka, kikampitia Lutengano sikioni
kikilia kama nyuki.

"Mwalimu, hapa hapagongwi," akasema Nyamizi,
miaka kumi na mitatu, kandambili kila mguu rangi yake.
Kwao Igombe wanaanika dagaa. Anajua
kitu chepesi hakipigiliwi, kinakaliwa.
Akaviringisha jiwe, kubwa kama kichwa cha ndama,
akalikalisha juu ya kamba
na kupangusa mikono.

Mahema kumi na manne. Kumi na matatu yakafungwa kwa mawe.
La kumi na nne, langu, nilitafutia kiraka cha mchanga
nikapigilia vigingi vyote vinane.
Mtu ana heshima yake.

Saa nane jiwe likawa kikaango.
Pimbi walishaingia nyufani zamani,
sisi tumejipanga na kofia za plastiki, tunaitii karatasi.
Kwilasa akaligusa, akalamba vidole
kama mpishi anayeonja chumvi.
"Limeiva," akasema.
Tukarudi kivulini.

Saa kumi upepo ukatoka ziwani,
ukayapandisha maji mabega.
Mitumbwi ikabaki kifudifudi ufukweni,
watoto wakaipiga ngoma.

Na jioni, nguzo nyeusi ikasimama juu ya maji.
Nikapiga kelele: meli inaungua!
Walicheka mpaka wakakaa chini.
Ni wadudu, mwalimu. Zima taa.
Nikachelewa kuzima, nikawanywa kwenye mchuzi.
Basi hadithi zikasimuliwa gizani,
kila neno limechujwa kwa khanga,
na zikawa fupi, na sijasikia hadithi nzuri kama zile.

Saa tisa usiku mvua ilivuka ziwa kwa miguu.
Tuliisikia ikija.
Shukeni jiweni! Wote, bondeni, chuchumaeni!
Mwanga. Moja, mbili, tatu, nne, ngurumo.
Mwanga. Moja, mbili, tatu.
Lutengano, mtoto wa Tukuyu, ambako mvua ni jirani
asiyebisha hodi,
akaniuliza polepole: "Hii nayo ni mvua?"
Mwanga. Moja...
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu
na hadi leo sijui ulikuwa wa nani.

Asubuhi mahema kumi na matatu yalikuwa pale pale,
yamelowa, yamenyooka.
Langu tulilipata kwenye matete,
limevaa magugumaji kama bwana harusi.

Siku zilizobaki tuliamka na giza.
Mitumbwi alfajiri, ziwa likiwa bado halijakunja uso,
makasia yakichota rangi ya maziwa ya mgando.
Hatukuogelea ghubani; kichocho hakina likizo,
na mamba hasomi ratiba.
Mchana tulilala, bila aibu.
Mawe tuliyapanda saa kumi na moja,
yanapopoa kama mkate,
na Nyamizi ndiye aliyesema mguu uanze wapi.

Sasa ofisi inataka ripoti.
Kuna safu imeandikwa *Changamoto*.
Nimejaza: jiwe, jua, upepo, wadudu, mvua.
Nimeisoma. Nimekata.
Nimerudi juu, kwenye *Wakufunzi*, baada ya jina langu,
nafasi ilikuwa ndogo, nimebana herufi.

Kigingi kile kilichopinda hatukuking'oa.
Kiko ufani, kimeota kutu,
na mara ya mwisho nilipogeuka
pimbi alikuwa anajikunia mgongo.