Inchi Sita

Daktari wa Bugando alichora koo nyuma ya karatasi ya dawa:
bomba refu, na chini yake mlango.
"Bomba limekakamaa," akasema, "na mlango haufungi.
Kinachoshuka kinachelewa. Kilichoshuka kinarudi."
Nkwimba akaitazama picha.
"Kama mfereji wa Mabatini wakati wa masika," akajibu,
na daktari akacheka hadi akavua miwani.

Ilianzia vidoleni.
Akipanga sato kwenye barafu pale Kirumba,
vidole viligeuka chaki, kisha zambarau.
Kisha ngozi ya uso ikavutika, mdomo ukawa mdogo,
kisha ugali ukaanza kusimama kifuani
hata kwa mlenda. Mlenda!
Mama yangu akasema ni mkono wa mtu,
akaleta mizizi kutoka Magu.
Nkwimba aliinywa kwa heshima, akaitapika kwa siri.

"Ni askari wako mwenyewe," daktari alisema.
"Kinga ya mwili imekosea nyumba."

Sasa ni kidonge alfajiri, nusu saa kabla ya uji.
Vikombe vidogo, mara sita kwa siku.
Chakula cha jioni saa kumi na moja, jua bado liko juu ya ziwa,
majirani wanadhani tumefilisika mafuta ya taa.
Tumbo likivimba kama ngoma, antibiotiki siku kumi,
linanywea, kanga inafungika tena.
Kupona, hapana. Alituambia wazi,
nami nilimshukuru baadaye, si siku ile.

Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, inchi sita.
Mito haifai, inakunja tumbo.

Mimi naponda kokoto Igogo, mwaka wa ishirini huu.
Nimevunja mawe ya shule, ya misikiti, ya ghorofa za watu.
Jiwe la kwangu sijawahi kulichonga.
Nilichonga mawili kutwa nzima, yalingane,
mwenye lori akinitukana pale barabarani.

Usiku wa kwanza tuliteleza wote wawili,
tukaamka tumerundikana miguuni kama dagaa kwenye ndoo.
Alicheka, na mdomo wake ule mdogo.

Usiku wa pili hakukohoa.
Mimi ndiye sikulala,
nikisikiliza kama kuna kitu kinapanda.
Saa kumi akawika jogoo wa Mzee Lubasha.
Basi, huyo tu.