Kengele ya Maji

Tabata Kimanga, maji huja usiku wa manane
kama mgoni: yanagonga bomba mara mbili, yanakohoa,
na kabla ya adhana yamekwenda zake.

Nikachukua boya la tangi bovu,
betri ya simu iliyokufa kioo,
honi ya bajaji niliyoinunua Gerezani kwa elfu tatu.
Tone la kwanza likainua boya, honi ikalia,
mbwa wa kwa Ngonyani wakajibu,
na mke wangu Sijaona akasema: sasa tumetajirika.

Uchochoro mzima ulinisifu.
"Fundi Mtoro, hii ipeleke Sabasaba!"
Nikafungua daftari: sifa kushoto, oda kulia.
Kushoto kukajaa. Kulia kukabaki kweupe
kama sahani ya mgeni asiyekuja.

Hesabu ilinicheka.
Honi moja huamsha nyumba kumi na moja.
Anayenunua anawanunulia wenzake kumi usingizi,
na kila mmoja alikuwa anamngoja jirani awe mjinga kwanza.

Basi nikaacha kuuliza, "Mnaipenda?"
Swali hilo watu hulijibu kwa adabu.
Nikauliza: juzi maji yalipotoka ulikuwa wapi?
Wiki iliyopita yalikugharimu shilingi ngapi?

Mzee Kihiyo alilala; asubuhi alinunua dumu, kazoea.
Mama Tarimo ana kisima.
Sudi muuza madumu alinisikiliza mpaka mwisho
kisha akafunga mlango, polepole.

Mlango wa tisa, saluni ya Bi Zamda.
Taulo kumi na nane kwenye kamba, ndoo tupu tatu.
Akasema bila kuinua macho, vidole viko kichwani mwa mteja:
"Mie namlipa Hamduni elfu moja kwa usiku
akae bombani asikilize."

Kalamu ikagoma.
Elfu moja, usiku nne kwa wiki, tangu Ramadhani.
Hayo si malalamiko. Hiyo ni pesa, inatoka kila siku
mbele ya pua yangu, na sikuiona
kwa sababu haikupiga kelele.

Nikafuta honi. Nikaandika: mtetemo,
chini ya mto, wa yule tu aliyelipa.
Nikamuuliza, wako wangapi wanaofanya kama wewe?
"Segerea wawili. Na yule dobi wa Kisukuru."
Wanne pamoja naye. Nikawapigia mstari.
Wanne si soko,
lakini si sifa.

Jioni Hamduni alinikuta uani nachoma risasi kwenye waya.
Miaka kumi na mitano, macho mekundu ya mlinzi.
Akakigeuza kidude kiganjani. Kikatetemeka.
"Hiki kinasikia maji?"
Kinasikia.
Akakirudisha mezani kama yai.
"Basi mimi nitalala," akasema,
na mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru
au ananidai.