Mstari wa Kalamu

Alisema ni buibui.
Mwesiga aliliweka goti juu ya kiti,
kati ya bakuli la uji na daftari la hesabu:
uvimbe mdogo, mwekundu, wenye kichwa cheupe.
"Mama, nimeumwa na buibui."
Nikatazama nje. Januari, Waterloo, Iowa.
Theluji imeshapanda hadi kizingiti cha dirisha.
Buibui gani huyo, mwanangu, asiyesikia baridi?

Yeye ni mwanamieleka, ratili mia na ishirini na sita.
Ameshinda mara tisa juu ya mkeka
ambao vijana thelathini huuachia jasho, mate
na ngozi za magoti yao.
Taulo moja, watu watatu.
Undugu, aliniambia.

Mimi hutoka zamu ya usiku, kiwanda cha nguruwe,
ambako mkwaruzo wa kisu huandikwa kitabuni
kabla damu haijafika kwenye glavu.
Vidonda vya wenzangu navijua kwa majina.
Goti la mwanangu nililibusu tu, nikaenda kulala.

Kesho yake nikachemsha sindano.
Kwetu jipu hutumbuliwa;
hata magazetini wakubwa walitumbuliwa, tukapiga makofi.
Lakini lilikuwa la moto kama sufuria,
na meno yake yaligongana mchana kweupe.
Nikaiacha sindano majini.

Daktari Lindqvist si mtu wa maneno.
Alichukua kalamu
akauzungushia wekundu mstari,
kama mpima ardhi awekaye mpaka wa shamba,
akaandika saa pembeni: nne na dakika kumi.
"Ukivuka hapa, mje. Hata usiku."

Ndipo akaniambia jina lake, stafilokokasi,
na kwamba kwenye darubini ni vishada vya zabibu.
Kwamba hukaa puani, kwa mmoja kati yetu watatu,
mpangaji asiyedai wala kudaiwa,
mpaka ngozi ipasuke,
hata ufa usiopitisha uzi.
Na ule usaha?
Ni askari wa mwili, alisema, waliofia mlangoni.
Miaka yote hiyo nimefuta makaburi kwa kitambaa,
nikikunja pua.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia.
Ya puani hawakuyaona.

Saa saba usiku nikawasha taa.
Wekundu ulikuwa umevuka mstari
kwa upana wa kidole changu kidogo.
Sikumaliza kufunga buti.
Daraja la mto Cedar lilikuwa kioo,
naye kando yangu akihesabu pointi za mechi
ambayo hakuna aliyekuwa akicheza.

Wakamtoa damu chupa mbili, mkono huu na huu.
Nikauliza: ikiingia damuni, huenda wapi?
Muuguzi alisita.
Mfupani, akasema. Mapafuni.
Kwenye vilango vya moyo, hupenda kukaa hapo.
Nikashika kifua chake kama mtu ashikaye kitasa.

Damu ilirudi safi.
Goti lilikuwa na vishada,
na dawa ya kwanza haikuvitisha;
vilikwishaisoma, vikaizoea.
Ya pili iliingia kwa mshipa, tone, tone, siku nne.

Kocha Hruska alikuja na kofia mkononi.
Amenunua ndoo, dawa ya kuoshea mikeka,
na taulo thelathini. Hakuketi.

Kisha wakatupima pua, nyumba nzima,
yaani mimi na yeye, kwa kijiti cha pamba.
Yake haikuwa na kitu.
Yangu ilikuwa nacho.

Je, ni mkeka? Ni taulo? Ni lile busu?
Daktari akasema hakuna ajuaye, na haisaidii kujua.
Sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Mstari ulifutika bafuni, siku ya sita.
Sasa, kabla sijaenda kazini,
Mwesiga ananishikia kioo,
nami napaka marhamu tundu hili, kisha hili,
macho yakinitoka machozi.
"Usipige chafya, Mama," anasema,
na hapo ndipo chafya inapokuja.